Mwili Uliojifunza

Jumatatu, 4 Machi
Dripu ya tatu ya dawa ya saratani leo. Nimetapika kwenye geti la hospitali! Sindano yenyewe hawajaigusa. Muuguzi wetu, yule mnene mcheshi, akaniuliza: mama, dawa bado iko kabatini, wewe umeshaanza? Tukacheka. Mume wangu ndiye aliyenipangusa mdomo. Ni yeye kila mara. Hunishika mkono, haondoki kitini mpaka tone la mwisho.

Ijumaa, 22 Machi
Nilikuwa kwenye cherehani, nashona mapazia ya mteja, sina hili wala lile. Ghafla mate yakajaa mdomoni — ladha ya chuma, ileile ya dripu. Nikatupa kitambaa, mbio hadi kwenye sinki. Nilipoinua kichwa, dirishani nikamwona yule muuguzi anavuka barabara, kavaa nguo za nyumbani. Hakuniona. Na mimi nilikuwa sijamwona! Basi nani alimwona?

Jumatatu, 25 Machi
Dripu ya nne. Nimemweleza daktari, wala hakushangaa. Kasema mwili umejifunza: chochote kinachofuatana na dawa, wenyewe unakihesabu ni dawa. Kanipa vidonge, nimeze kimoja siku moja kabla ya dripu. Nikauliza, je, ukijifunza na vitu vingine? Kasema tuombe usijifunze.

Jumatano, 3 Aprili
Nafuu! Nimekula, nimemaliza mapazia. Binti yangu kasema uso umerudi. Jioni baba yake akatoka kazini, akaketi kando yangu, akanishika mkono.
Tumbo likapinduka.
Nikasingizia maharage.

Alhamisi, 4 Aprili
Tena. Na nilikuwa nimempa mgongo.

Jumapili, 14 Aprili
Kesho dripu ya tano. Mchana binti kasema: baba, kesho mama nitampeleka mimi, wewe pumzika. Mume wangu akacheka — nipumzike kwa kazi gani niliyofanya? Kisha akaniangalia mimi. Nikainamia sahani. Utamwambiaje mtu kama huyu? Kwa kosa lipi? La kukaa nami?

Kidonge nimemeza. Yeye katoka kwenda dukani. Nilikuwa naandika hapa, nimetulia kabisa. Sasa mate yanajaa. Barabara tupu, sisikii hata hatua.

Sasa nazisikia. Anavua viatu mlangoni, taratibu, asinisumbue.
Mama watoto, umelala?
Nimemjibu niko macho, aingie tu. Nimejibu nimeuma meno.