Nilitubu Dhambi ya Bi. Somoe

Zahanati, njia ya Kilambo,
Mtwara

Mke wangu mpendwa, Mama Tabitha,

Nakusalimu katika Yesu, ambaye kwake Kongwa na Mtwara ni majirani, ingawa kwetu sisi ni siku nyingi za vumbi. Hujambo? Tabitha hajambo, na lile jino lililokuwa likitikisika limeng'oka? Mama naye, magoti yanamruhusu kwenda kanisani? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalonionea. Barua yako ilichelewa mno kwa sababu mvua iliikata barabara upande wa Rufiji. Ilifika imelowa pembeni, lakini maneno yote yalisomeka, pamoja na yale ya kunigombeza.

Umenigombeza kwamba barua mbili zimepita sijasema neno juu ya uhamisho wangu wa kurudi nyumbani. Ni kweli. Nimekuwa nikiizunguka habari hiyo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo nitaisema, ila nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unamkumbuka Bi. Somoe, mfagizi wetu wa hapa zahanati, yule niliyekuandikia kwamba ndiye aliyenifundisha kula ming'oko, hii mizizi ya porini wanayoichemsha? Ni mjane wa makamo, Mwislamu wa swala tano, ana shamba dogo la muhogo na mikorosho. Tangu nifike hachoki kunitania. Siku ya kwanza tu aliniuliza, "Daktari, Ugogoni kwenu bahari hamna, mto hamna, mnaoga na nini?" Nikamjibu tunaoga kwa neema. Alicheka mpaka akaegemea ufagio.

Sasa, Bi. Somoe ana mdogo wake wa kike aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma. Vita vilipozidi huko, mdogo mtu alivuka na watoto watatu akafikia kwa jamaa zao, shambani. Hakutaka jina lake liandikwe popote, maana kule alikotoka walioandikwa majina ndio waliofuatwa majumbani. Kitindamimba wake akashikwa na malaria. Nasi hapa kanuni ni moja: dawa haitoki mpaka mgonjwa aandikwe kwenye daftari.

Asubuhi moja nikamwona Bi. Somoe akitia mkono kwenye kopo la vidonge. Nikageuka, nikajifanya natafuta kalamu. Siku ya pili yake nikamwona tena amesimama karibu na kabati. Safari hii nilifungua kopo mwenyewe, nikampa, nikamwambia, "Mtoto wa umri ule mpe nusu kidonge, usimpe kizima." Mtoto akapona. Lakini moyo wangu, Mama Tabitha, ukawa hautulii. Nikipiga magoti naona kopo.

Jumapili moja kila mwezi huwa nakwenda mjini kwenye ushirika wetu wa waliookoka. Tunakutana Chuno, nyumbani kwa fundi cherehani mmoja, watu kama kumi na wawili, wengi wetu wa kutoka bara. Mwenendo ni ule ule wa kwetu: mtu anasimama, anaweka jambo lake nuruni, wenzake wanaimba sifa. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema, "Wapendwa, mfagizi wetu Bi. Somoe anachukua dawa za serikali, nami nimemwona nikanyamaza. Bwana amenionyesha kwamba kunyamaza kwangu ni dhambi." Wakaimba. Wakanikumbatia mmoja mmoja. Nilirudi na basi nikiwa mwepesi, najiona safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Katika wapendwa wale yumo karani wa ofisi ya mkubwa wetu wa kazi. Simlaumu, naye ana dhamiri yake. Alhamisi likaja gari la ofisi hiyo, Bi. Somoe akaambiwa asikanyage zahanati mpaka uchunguzi uishe. Alilivua gauni la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi la wagonjwa. Kisha akashika njia ya kwake.

Nilikaa siku mbili nikajikokota kwenda kwake. Nilimkuta anamenya muhogo. Nikapiga hodi, akanikaribisha, maana kumfukuza mgeni si desturi yao, akanitandikia na mkeka. Nikamwambia nimekwisha kutubu mbele za Mungu, sasa naomba na yeye anisamehe. Hakuacha kumenya.

"Huko Chuno ulisemaje?" akaniuliza.

Nikamweleza neno kwa neno.

"Na vile ulivyonipa kwa mkono wako, ulivisema?"

Nikaanza kuokota maganda ya muhogo.

"Basi hukutubu ya kwako, Daktari. Umetubu ya kwangu. Na mie ya kwangu naijua, nina Mola wangu, wewe sikukutuma." Akatupa muhogo kwenye sufuria. "Nikusamehe, nimekusamehe. Lakini ulinitia mbele ya watu. Kanitoe mbele ya watu hao hao."

Mke wangu, nimesikia mahubiri mengi tangu tuokoke, na mengine nimeyahubiri mwenyewe kwa sauti kubwa. Hakuna lililonipata kama lile la mwanamke mwenye kisu cha muhogo. Nyani haoni kundule. Nilidhani nimesema kweli, kumbe nilichagua ile kweli iliyokuwa ikimkata mwenzangu, yangu nikaiacha mfukoni. Kusema kweli tulifundishwa. Kupambanua ni kweli ya nani naisema, na itamwangukia nani, hilo ama sikufundishwa, ama lilifundishwa siku nimesinzia.

Na hapa ndipo uhamisho unapoingia. Mkubwa wetu alikuwa amekwisha kuniambia kwamba karatasi yangu ya kwenda Mpwapwa, jirani na kwetu, iko mezani kwake, imebaki sahihi tu, mradi faili langu lisiwe na doa. Nikinyamaza, ningekuwa nyumbani kabla ya mavuno ya uwele, na Bi. Somoe angepoteza kazi. Nikisema, wewe mwenyewe unaona. Niliomba ishara siku tatu. Haikuja. Nadhani Bwana aliona naulizia njia ninayoijua.

Jumapili ya ushirika ilipofika nikapanda basi tena kwenda Chuno. Nikasimama nikasema, "Wapendwa, mara iliyopita nilitubu dhambi ya mtu mwingine nanyi mkaniimbia. Funguo za dawa ninazo mimi. Mara ya kwanza Bi. Somoe alichukua mbele ya macho yangu, mara ya pili nilimpa mimi, na kipimo nikamweleza. Hayo sikuyasema, kwa sababu nilitaka kutoka hapa nikiwa safi." Hakuna aliyeimba. Fundi alikohoa, karani akawa anaangalia viatu vyake. Mwisho akasema bibi mmoja, mama yake fundi, ambaye siku zote nilidhani husinzia kwenye ibada: "Mwanangu, kesho kamwambie mkubwa wako hivyo hivyo. Ukishatoka kwake, njoo tukuimbie."

Nikalala kwao, na asubuhi nikaenda. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika, akavua miwani. "Unajua karatasi yako iko wapi?" akaniuliza. Nikamwambia najua. Akaitoa kwenye zile za kutiwa sahihi, akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga. Bi. Somoe amerudishwa kazini. Mimi nimepewa barua ya onyo, na nitakaa hapa miaka miwili mingine kabla ya kuomba tena. Ndiyo habari yenyewe, Mama Tabitha. Sirudi mwaka huu wala mwaka ujao.

Mdogo wake Bi. Somoe sasa anakuja mwenyewe na watoto. Niliandika jina lake kwenye daftari yeye akinitazama kalamu, na dada yake amemshika bega. Juzi Bi. Somoe alipomaliza kufagia aliniuliza nakwenda lini kwetu, kwa kuwa alisikia nina uhamisho. Nikamweleza ulivyokwenda. Nilitegemea atanishukuru, nisikufiche. Aliegemeza ufagio ukutani, akasema, "Na mkeo ulimuuliza?"

Sikukuuliza. Ningeweza kusema kwamba barua ingechelewa, barabara imekatika, mama wa watu hana kazi. Yote hayo ni kweli, lakini nimekwisha kujua ninavyoitumia kweli. Haikunijia akilini kwamba uhamisho ule ulikuwa wako pia. Ni wewe unayelima peke yako, unayelala chini ya paa linalovuja, unayejibu Tabitha anapouliza baba yuko wapi. Nilijiona nimetoa sadaka kubwa, kumbe nimeingia zizini kwako nikachukua mnyama wako. Sisemi kwamba ningefanya vingine. Mbele ya Bi. Somoe nisingeweza. Lakini ningekuuliza, na hata kama jibu lingechelewa, ungejua kwamba niliuliza. Nimelia juu ya jambo hili kuliko la onyo.

Msalimie kaka yako Mika, umwambie namwomba sana aliezeke paa kabla ya mvua, maana mimi ndiye niliyeahidi. Msalimie mama, na shangazi Raheli anayekusaidia kupalilia. Mzee wetu wa kanisa msalimie pia, na ukipenda msomee barua hii, usipopenda usimsomee. Tabitha mwambie baba yake yuko mahali penye samaki wengi, na kwamba anamkumbuka kila siku.

Sasa nakuomba neno moja. Usiniandikie kwamba yote ni mapenzi ya Mungu kama wewe mwenyewe bado hujaona hivyo. Kama una hasira, niandikie hasira. Msamaha wa jambo hili sijauomba kwa Bwana. Nasubiri kwanza jibu lako.

Ni mimi mumeo, nikupendaye na niliyekukosea,

Baba Tabitha