Bango la Baba

Britta, nimeharibu. Wenzangu wa mjini Madison walikuwa wanakuja nyumbani leo, nikaona aibu. Jana nikaling'oa bango la uchaguzi la chama cha baba pale mbele ya nyumba, nikalificha zizini!

Asubuhi baba kaona halipo. Huyo, moja kwa moja kwa jirani yetu Duane, kwa sababu hapa kijijini ni yeye peke yake anayekipigia kura chama chetu sisi wa mjini.

"Mwizi mkubwa wewe! Ndivyo mlivyo nyote!"

Duane, Britta! Aliyemkamulia baba ng'ombe miezi mitatu alipovunjika nyonga!

Mimi nilikuwa nyuma ya baba. Duane akanitazama, akamwambia baba, "Basi Verlyn, nisamehe."

Na jana nikiling'oa, alipita na trekta lake. Akanipungia mkono.