Vitambaa vya Mwalimu Danieli

Masasi, Juni 1906

Dada yangu mpenzi Dominika,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na Shangazi Yuliana, pamoja na wote hapo Newala. Je, u mzima? Muhogo unapatikana, au nanyi mnalala njaa kama sisi? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Dada, tangu wazungu wa misheni walipokimbia vita vya maji, anayetufundisha ni mchumba wako, Danieli. Tulimpenda kama kaka. Majuzi alituambia kwamba kabla kanisa halijachomwa, wazee walizika vikombe vya fedha milimani. Tukavitafute, na atakayeviona atapewa shuka. Akatugawia vitambaa vyekundu tufunge mitini tunakopita, tusije tukapotea.

Tulicheka njia nzima, tukifunga vitambaa mitini. Mimi na mwenzangu Stamili tuliwaacha wengine nyuma, tukaingia katika pango la ukoo wetu. Vikombe hatukuviona. Tulimkuta Baba Mdogo Bwanali, amekonda, ndevu zimemjaa, pamoja na Mama Mdogo Adija na mtoto wao mchanga. Akanishika mkono: “Silvesta mwanangu, Wajerumani wananitafuta kwa sababu nilikunywa yale maji ya dawa ya vita. Usimwambie mtu.” Nikaapa, Stamili naye akaapa.

Tuliporudi tulisema hatukuona kitu. Danieli akanipapasa kichwa, akasema si neno, tutajaribu tena.

Kesho yake Baba Mdogo aliletwa na askari, mnyororo shingoni. Nilimrukia Stamili nikampiga, nikidhani ndiye aliyesema. Akalia, akanionyesha kwa kidole: nyuma ya askari alikuja Danieli, ameshika vile vitambaa vyetu, amevifungua mitini kimoja kimoja hadi pangoni.

Dada, hapakuwa na vikombe. Nilipomuuliza Danieli, hakuona haya. Alisema alijua kwamba mimi nayajua mapango ya kwetu. Bomani wamemwahidi uakida, na amefanya hivyo kwa ajili yako, uwe mke wa mtu mkubwa.

Baba Mdogo wamemnyonga. Nimeiacha shule.

Barua hii anakuletea Mama Mdogo Adija mwenyewe. Usimuulize kitu, bado hawezi kusimulia. Mpe uji, umpokee mtoto.

Danieli anakuja huko mwezi ujao na mahari. Akifika, mpe kiti akae. Mama Mdogo naye akae mbele yake, mtoto mgongoni. Kisha umjibu mwenyewe.

Nisalimie Shangazi, mwambie namkumbuka sana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Silvesta