Chura wa Uani Chanika

…na zile pembe za chura wako si pembe za kweli, ulikuwa ukinikumbusha kila mara, ni ngozi tu iliyochongoka juu ya macho. Baba, juzi nimeyasema hayo kwa sauti uani kwangu, Chanika, kisha nikageuka kukutafuta unisahihishe.

Nimeolewa, Baba! Anaitwa Eliya, fundi friji, na akicheka mie nasahau hata nilichobandika jikoni. Kinachopungua ni kimoja tu: hukumwona.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika. Nasogeza karai, nakuta chura mkubwa kama bakuli, amejifukia kwenye majani, kichwa tu kiko nje. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akapiga yowe: "Chura nyumba ya maharusi? Huyu katumwa! Eliya, lete chumvi!" Eliya akaja na pakiti nzima.

Nikasimama mbele yao. Nikawasimulia habari za chura wako wa Amerika ya Kusini, yule tuliyemtazama kwenye simu yako, tumebanana sofani kule Mtoni, wewe ukitafuna karanga. Mviringo kama andazi, kijani na kahawia, mdomo mpana karibu sawa na mwili. Hafukuzi mawindo. Anajifukia kinyumenyume, anatulia, pengine anachezesha kidole cha mguu kama funza. Mjusi akikisogelea, hap! Na ulivyokuwa ukiisema hiyo "hap" yako, Baba… Huyu wetu hana pembe, nikawaambia, lakini naye ni mviziaji. Tumtazame kwanza.

Mama mkwe akasonya. Eliya akaitazama chumvi, akanitazama mimi, akageuza ndoo akaikalia. "Mama, tulia kidogo. Mke wangu anafundisha." Mke wangu! Ungemsikia alivyolitamka.

Tulikaa mpaka chai ikapoa. Panzi akatua karibu na ile pua, na kabla hatujapepesa macho hayupo. Mama mkwe aliruka, halafu akacheka mpaka kitenge kikamlegea. "Haya, abaki. Ila ndani asiingie!"

Mie nikalia. Nilitaka kukupigia simu; namba yako sijaweza kuifuta. Eliya akanifuta machozi kwa mkono wenye chumvi, yakazidi kutoka. Akasema, "Nipeleke kwa mzee. Sijampa shikamoo yake."

Pumzika, mwalimu wangu wa kwanza wa baiolojia. Tutapanda basi pale Mbezi hadi kwetu Njombe, nimsimamishe kaburini kwako, nikwambie mwenyewe: Baba, ni huyu. Nakuahidi, kabla mwezi huu haujaisha.