Nililitaja Jina Lake Akiwa Juu ya Nguzo

Mpendwa Shangazi Nenita,

Naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Nina miaka ishirini na sita, ninaishi Marikina, kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya shule kabla havijachapwa, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa shabiki wa dansi ya nguzo, ile ya kupanda na kuning'inia kwenye nguzo ya chuma. Sichezi, Shangazi, mimi hata ngazi ya kubadilishia balbu naipanda nikiwa nimeshikwa. Ni mtazamaji tu. Kuna ukumbi Cubao, ghorofa ya tatu juu ya duka la matairi, ambako kila baada ya miezi mitatu wachezaji wa studio moja hufanya onyesho lenye mada, mara maharusi, mara bahari, mara sinema za kale, na mimi hununua tiketi siku ya kwanza, hukaa safu ya mbele, na hupiga kelele. Kelele ndiyo kazi yetu mashabiki. Ukumbi ukinyamaza mchezaji anadhani ameharibu, kwa hiyo akigeuka kichwa chini tunapiga kelele, akinyoosha mguu tunapiga kelele, hata yule anayekuja na kitambaa kufuta jasho kwenye nguzo kabla ya mchezaji mwingine tunamshangilia kama bingwa. Mwenzangu wa safu hiyo, Charo, muuguzi anayekuja na tari, huniambia, "Dada, wewe mtaani hata ukipiga chafya husikiki, hapa unatutoboa masikio!" Ni kweli. Kwingine kote mimi ni mtu wa kimya.

Ninayemfuata kuliko wote anaitwa Dagim, yaani wingu la mvua. Hilo ni jina lake la jukwaani. Kila mchezaji ana jina la jukwaani, na sheria ya kwanza, ambayo mshereheshaji huitangaza kabla muziki haujaanza, ni kwamba jina jingine halitajwi. "Hata kama ni shemeji yako," husema, "humu ndani humjui!" na watu hucheka. Mimi Dagim nilimtambua tangu onyesho la kwanza. Ni Mwalimu Macaraeg, aliyenifundisha darasa la sita kwenye shule ya masista, na bado anafundisha pale pale. Sikumwambia mtu. Hata yeye sikumwambia, maana muda wa kupiga picha na wachezaji ukifika mimi huwa nimeshateremka, niko barabarani nanunua ndizi za kukaanga.

Nilipokuwa mwanafunzi wake nilikuwa nasoma kwa kunong'ona, darasa zima linacheka, na badala ya kunikaripia alinihamishia dawati la nyuma kabisa, yeye akasimama ubaoni, akasema, "Sikusikii, mwanangu. Ubao nao hausikii. Tuletee sauti huku." Kila siku, mwezi mzima, mpaka ikafika. Kila ninapompigia kelele ukumbini nakumbuka hilo, na nilikuwa najiambia kwamba ninamlipa.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyotangulia Siku ya Wafu mada ilikuwa viumbe ambao bibi zetu walitutishia ili tuingie ndani mapema. Dagim alichagua manananggal, yule mwanamke anayejikata kiunoni, miguu akaiacha imesimama, akaruka na nusu iliyobaki. Sketi yake nyeusi ilikuwa na waya ndani, kwa hiyo alipopanda nguzo iliganda pale chini peke yake kama mtu, na yeye yuko juu, uso umepakwa rangi nyeupe, riboni nyekundu zinaning'inia kiunoni, na ukumbi ulipagawa, Charo alipiga tari mpaka ngozi ikapasuka. Kisha akafika juu kabisa, akaachia mikono ili aning'inie kwa goti moja, na kulikuwa na joto, feni moja haifanyi kazi, nikaona goti linateleza, kwanza kidogo, halafu si kidogo. Watu wote wakanyamaza kwa pamoja. Sijui nani alinifungua mdomo. Nilisimama nikasema, "Mwalimu Macaraeg! Kaza goti! Mwalimu Macaraeg, shika!"

Alishika. Alimaliza mchezo, akashuka polepole, akaingia tena ndani ya sketi yake, akainama. Wote walisimama kumshangilia, mimi peke yangu nimekaa.

Mtu alikuwa anarekodi. Keshoyake asubuhi video ilikuwa imefika kwenye kundi la simu la wazazi wa shule, na kwa ile rangi hakuna ambaye angemjua, lakini jina linasikika wazi kama tangazo la kanisani. Binamu yangu ana mtoto pale, ndiye aliyeniambia kwamba Mwalimu ametolewa darasani hadi kikao cha Sista Mkuu na kamati ya wazazi, Jumamosi ya tarehe kumi na tano, na kwamba kuna wazazi wanaotaka afukuzwe kabisa. Ana miaka kumi na tisa pale shuleni. Studio nayo imetangaza kwamba Dagim hatakuwepo kwenye onyesho la Krismasi.

Nilimwambia Charo nataka kujitaja. Akasema, "Nyamaza. Sauti haina sura. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Basi jua kimya kimya."

Siwezi, Shangazi. Nimeandika taarifa ya kurasa tisa kwa Sista Mkuu. Nimekiri kwamba ni mimi niliyepiga kelele, ila nimesema nilikuwa namwita mwalimu wangu wa zamani aliyekaa nyuma yangu kati ya watazamaji, si mchezaji. Ni uongo, lakini nimeupanga vizuri, hauna ufa, nimeusahihisha mara nne. Nimeazimia kuupeleka na sitaki mtu anizuie. Ninachotaka kujua ni kama niipeleke taarifa kabla ya kikao au nisimame niisome mbele ya kikao, na kama mtu aliyefanya nililofanya ana haki ya kukanyaga tena kwenye onyesho lolote.

Ni mimi, Mwenye Sauti, Marikina


Mwenye Sauti,

Kwanza, majina. La mwalimu, la jukwaani, mtaa wa ukumbi, kiumbe aliyemwigiza na vazi lake, vyote nimevibadilisha, kwa sababu wewe uliniandikia vyote kamili, jina la mwalimu mara tatu, katika barua ya gazetini, ukitafuta namna ya kumlinda. Isome sentensi hiyo polepole.

Nakuhurumia, na sisemi kwa adabu tu. Mtu alikuwa anaanguka, ukumbi mzima umeganda, wewe ndiye uliyefungua mdomo. Huenda alishika kwa sababu alisikia anaitwa. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Nakulaumu kwa hili unalolipanga ukiwa umekaa mezani na kalamu mkononi.

Unasema uongo wako hauna ufa. Mwanangu, huyo mwalimu wa zamani aliyekaa nyuma yako kwenye kiti cha plastiki, ulimwambia akaze goti la nini? Umesahihisha mara nne na hukuliona. Masista wataliona kabla ya kufungua ukurasa wa pili, na wakishaliona, hawatakuuliza wewe nani aliyekutuma. Watamuuliza yeye.

Na hata ungekuwa uongo mzuri, nani amekuomba? Pengine anataka kusimama aseme, ndiyo, ni mimi, na Jumapili ni zangu. Pengine anataka kuwaomba radhi wazazi abaki na wanafunzi wake. Pengine alishachoka na ile shule siku nyingi. Hujui. Unajua kila mzunguko anaoufanya kwenye ile nguzo, lakini hujui anataka nini na maisha yake, kwa sababu miaka mitatu umekimbilia ndizi za kukaanga badala ya kumpa mkono. Kumpenda mtu kutoka kwenye kiti chako hakukupi ruhusa ya kumwamulia.

Rafiki yako Charo nadhani ni muuguzi mzuri. Ushauri wake ni mbaya. Mwalimu aliyeivuta sauti yako mwezi mzima kutoka dawati la nyuma, unadhani hakuitambua? Mimi naamini aliijua kabla kiganja chake hakijagusa nguzo. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu onyesho lile. Bila shaka ameshaulizwa, ni nani huyo aliyekuita? Na hadi leo hakuna aliyekuja kukugongea. Kaa na hilo dakika moja, halafu endelea kusoma.

Taarifa ichane. Zote tisa, na nakala usibakize. Jumapili hii baada ya misa nenda nyumbani kwake, shuleni usiende, na usimtumie ujumbe kwanza, maana wewe ujumbe wako utakuwa kitabu. Beba chakula, kama mtu yeyote anayemtembelea mwalimu wake. Sema, "Mwalimu, ni mimi niliyekuita," kisha funga mdomo. Usilie hadi yeye ndiye awe wa kukubembeleza. Akishamaliza kusema yote aliyonayo, hata kama ni makali, muulize anataka ufanye nini, na ufanye hicho hicho, bila kukiongezea. Akitaka uje kwenye kikao, vaa vizuri, simama, waambie hao wazazi alichokufanyia darasa la sita, kweli tupu, dakika tatu. Akitaka ukae mbali, kaa mbali, na kwa mtu mwenye azma kama yako hilo litakuwa gumu kuliko kikao.

Onyesho la Krismasi, nenda. Kuna wengine watakaopanda ile nguzo miguu inatetemeka, nao wanahitaji kelele. Sheria unaijua. Ukijiona inakushinda, piga kelele isiyo na jina.

Na kama hatakufungulia mlango, usibishe hodi mara ya pili. Acha chakula kizingitini, andika namba yako ya simu na jina lako kamili, lako wewe, hakuna neno jingine, uondoke. Halafu Jumamosi ile, kikao kikianza, uwe umeshavaa viatu na simu iko mkononi. Anaweza kubadili mawazo akiwa mlangoni mwa chumba cha kikao, na akikupigia, hutakuwa na muda wa kutafuta cha kuvaa.

Shangazi Nenita