Bizimu Niliyoiita Bandia

Ijumaa. Mvua ya jana imeacha madimbwi kichochoroni na hewa nzito. Duka sikulifungua asubuhi. Nimekuja kukaa hapa chumba cha intaneti, Mkunazini, nataka kuliandika hili kabla sijaanza kulipamba.

Wanaopita kwenye blogu hii wanajua kwamba mimi ni fundi saa, kazi niliyoirithi kwa baba yangu. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, kwa hivyo wanaokuja kwangu wengi ni wenye saa za zamani: za harusi, za kustaafu, za marehemu. Na wengi hawaji kutengenezewa. Wanakuja kuuliza kama ni za kweli.

Nami napenda kuulizwa. Napenda kutia kioo cha kukuzia jichoni huku mtu ananisubiri niseme.

Wiki tatu zilizopita alikuja Bi Zuwena wa Mpendae, mjane wa Mzee Haji aliyekuwa karani bandarini. Alileta saa ya mkono ya marehemu, ya Uswisi, akataka niitie mkanda mpya ampe mwanawe anayekuja likizo kutoka Maskati. Nilipokuwa nautoa mkanda wa zamani akanihadithia habari yake. Walipooana, Mzee Haji ndio kwanza ameingia kazini, na saa hana. Bi Zuwena akavua bangili ya dhahabu aliyopewa na mama yake, akampa akaiuze, anunue saa ya maana. Mumewe akarudi na saa mpya kutoka duka la wakala wa kampuni, akamwambia bangili yote imeishia humu. Tangu siku hiyo mikanda imebadilishwa sijui mara ngapi, lakini bizimu ya kuifungia ni ile ile moja.

Aliyasema hayo kwa fahari, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonyesha picha.

Bizimu ndiyo ninayoitazama kwanza. Saa nzima ni kazi kuiigiza, lakini bizimu ni kipande kidogo cha chuma chenye ulimi. Fundi yeyote mwenye moto anaweza kumimina nyingine na kuitia jina la kampuni. Ya bandia ina dalili zake. Kingo zake huwa butu kama sabuni iliyotumika, ina vitundu vidogo vya hewa, ulimi wake unacheza. Na herufi. Bizimu zote za kampuni hii nilizozihesabu za kweli, herufi zake zimeinuka, ukipitisha ukucha unazihisi. Ya Bi Zuwena zilikuwa zimechimbwa ndani, na herufi ya kwanza mguu wake umekatika.

Kingo zake zilikuwa kali. Ulimi ulikaa sawasawa. Niliyaona hayo, nikayaacha.

Nikamwambia bizimu ni ya bandia, kampuni kubwa kama ile haitoi dukani herufi kilema.

"Kwa hivyo haikutoka dukani?" akaniuliza.

"Haikutoka, Bi Zuwena. Hii ya mtaani."

Akanyoosha mkono. Nikampa saa yake na mkanda wake mkongwe, akashukuru, akaondoka. Mkanda mpya hakuuzungumza tena.

Nilijua nilichokisema. Kama bizimu haijabadilishwa na ni ya bandia, basi saa haikununuliwa kwa wakala, na ile bangili ilikwenda pengine. Nikajiambia kazi yangu ni kusema ukweli wa chuma, wa ndoa za watu haunihusu. Nikaendelea na kazi.

Jumatatu hii bwana mmoja mstaafu wa Mbweni aliniachia saa niisafishe, mafuta yake yameganda. Kampuni ile ile, miaka ile ile. Baba yake aliinunua akaiweka kabatini, hakuivaa hata siku moja. Imekuja ndani ya kisanduku chake, pamoja na karatasi ya wakala yenye muhuri, na mkanda ungali na mshono wa kiwandani, haujaguswa.

Nikaigeuza bizimu. Herufi zimechimbwa. Ya kwanza mguu umekatika.

Niliitazama mpaka jicho likatoa machozi. Pale mguu ulipokatikia, na ule mkunjo mdogo ubavuni mwa herufi, nilivikumbuka vyote viwili. Chuma kilichogongea jina la bizimu hii ndicho kilichogongea ile ya Mzee Haji. Kilivunjika ncha, nao kiwandani wakaendelea kukigongea. Kumbe kuna miaka walikuwa wakichimba herufi, na mimi sikuwa nikiijua bizimu ya miaka hiyo. Alama niliyoitumia kumtia Mzee Haji uongoni ndiyo iliyokuwa ikimtetea.

Hapa ndipo penye aibu yangu hasa.

Nilinyamaza siku mbili. Jumanne nikajiambia sina hakika mpaka nizilinganishe mkono kwa mkono. Jumatano nikajiambia mama wa watu keshasahau, kwa nini nimfukunyulie. Kwa kweli nilikuwa naogopa habari isienee mjini kwamba binti wa fundi yule hajui kutofautisha bizimu.

Jana asubuhi nilimpigia simu bwana wa Mbweni nikamweleza kisa chote, nikamwomba ruhusa niichukue bizimu yake mpaka Mpendae. Akasema niichukue, ila nimrudishie siku hiyo hiyo. Baada ya sala ya alasiri nikaenda, na kioo changu, na mkanda mpya kwenye mkoba.

Nilipiga hodi, Bi Zuwena akanifungulia. Shikamoo yangu aliiitikia. Akanionyesha pa kukaa, lakini hakunipa hata maji, na kwa mtu wa Unguja hilo ni neno zima.

Nilimwambia moja kwa moja kwamba nilikosea. Nikamweleza habari ya saa ya Mbweni, kisanduku na karatasi ya wakala, nikamwomba anitolee saa ya marehemu. Aliingia chumbani, akakawia. Aliporudi alikuwa nayo imefungwa ndani ya kipande cha kanga.

"Una hakika leo kama ulivyokuwa na hakika siku ile?"

Nilimwambia siku ile nilisema bila ya kuwa na cha kulinganishia, na leo nisiaminiwe mimi, atazame mwenyewe. Nikaziweka bizimu mbili juu ya meza karibu na dirisha, nikamwonyesha namna ya kushika kioo. Nikamshikia kiwiko. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akairudia ya kwanza.

"Miguu imekatika pamoja," alisema.

Akakiweka kioo chini. Nikamwomba anisamehe. Akawa anaikunja ile kanga, anaikunjua.

Kisha akaniambia kwamba tangu afariki mumewe, kila Alhamisi alikuwa akimsomea Yasini. Hakuwahi kuacha, hata alipolazwa hospitali. Tangu siku aliyotoka dukani kwangu hajamsomea. "Nikifungua msahafu," alisema, "naiona bangili."

Nikaisogeza saa ya marehemu karibu yake.

"Wewe nshakusamehe, mwanangu. Mimi sasa nimtake nani radhi, naye hayupo?"

Akainuka akaenda kutia udhu. Nikasikia maji uani. Aliporudi alikaa kwenye mkeka, akafungua msahafu, akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Hakuniambia niondoke wala nikae. Nilijifunika vizuri ushungi wangu, nikakaa. Alisoma polepole, mpaka mwisho.

Alipomaliza nikaitia saa mkanda mpya, pale pale mezani kwake. Bizimu niliirudisha ile ile. Akaikagua kwa macho yake kabla ya kuipokea. Ndipo akaniuliza kama nitakunywa chai, nami nikanywa.

Ya Mbweni nilimrudishia mwenyewe kabla ya magharibi.

Leo tangu nilipoamka kuna mtu mmoja hanitoki kichwani. Mwaka jana alikuja bwana wa Tunguu, anafanya kazi kwenye duka la mbao kule. Alikuwa na saa ya kaka yake, kampuni hii hii, herufi za bizimu zimechimbwa. Nilimwambia ni ya bandia, aitupe, na nadhani nilicheka. Jina lake sikuliandika.

Duka la mbao nalijua lilipo. Kesho asubuhi nitakwenda, nimuulize kama aliitupa.