Soksi Mbili Zisizo na Wenzao

Jumatatu, 4 Machi
Daftari, hujambo. Sijui kuandika kitu kisichoanza na salamu. Mimi mzima, ila wasiwasi wangu ule ule. Baba watoto mzima, mgongo umetulia. Binti mkubwa mzima, kajifungia na vitabu. Pacha wazima, wanagombania kiti. Mama mkwe mzima, anakusalimu — hapana, hajui kama upo.
Leo mwalimu wetu wa darasa la watu wazima katoa swali. Thibitisha kuwa namba witiri mbili ukizijumlisha daima unapata shufwa, yaani isiyobakiza kitu ukiigawa kwa mbili. Mwisho Ijumaa. Atakayeweza anapanda, asiyeweza anarudia mwaka. Mimi nimesharudia mara moja.

Jumanne, 5 Machi
Nilijaribu 3 na 5, 7 na 9, mpaka 99. Kurasa nne. Mwalimu kanisifu kwa jasho, kisha: na 101 je, mama? Nikasema nitaongeza ukurasa. Darasa likacheka, nami nikacheka, machozi yako karibu. Akasema namba haziishi, anataka sababu inayozishika zote kwa mpigo.

Jumatano, 6 Machi
Binti kasema niandike 2k+1, basi. Huyo k ni nani? Yeyote, mama. Yeyote vipi, hana kwao? Kacheka mpaka kaketi sakafuni. Sikuelewa kitu.

Alhamisi, 7 Machi
Kazini, chumba cha kufulia cha bweni. Soksi zote nyeupe, saizi moja. Nimepanga kapu langu jozi jozi, imebaki moja. Mwenzangu Mapovu naye kapu lake limebaki na moja. Anasema, shoga, tuziozeshe hizi mbili twende zetu.
Nikaziweka hizo mbili pamoja. Jozi zangu ziwe k, zake ziwe m — ngapi, haijalishi! Kila kapu limebakiza moja, na hizo mbili ni jozi. Hakibaki kitu. Hata jozi ziwe milioni.
Mapovu kanishika paji la uso, eti homa.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nikiwa darasani. Mwalimu ana karatasi yangu, mistari sita. Kalamu nyekundu imesimama kwenye wa nne. Mama, mbona hapa kuna soksi?
Nikasimama. Nikamwambia toa soksi, weka vikombe, weka chochote, mstari hautikisiki. Kama una kosa, nionyeshe ni wapi. Sauti yangu hiyo! Sikuijua.
Kavuta kiti, kaketi, anaanza tena mstari wa kwanza.
Nimemwomba tu anijibu upesi, nyumbani wanangoja habari.